Zidaka Mbele ya Mtoto wa Miaka Mitatu

Ukuta umekwisha. Chokaa imekauka, zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, zimepangika safu kwa safu, fundi amekusanya miiko yake. Mtoto wa miaka mitatu anaingizwa aone chumba chake kipya. Bakuli la buluu lililowekwa katikati hata halitazami. Anapachika vidole vya mguu kwenye kidaka cha chini, anashika ukingo wa kidaka cha tatu, anajivuta. Kufumba na kufumbua yuko juu ya kiuno cha baba yake.

Kwake yeye ile ni ngazi.

Kwa wiki kadhaa jambo hili limenikaa kichwani. Wapo wazazi wengi wanaoipenda nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18 na wangetaka mtoto akulie ndani ya uzuri ule: chokaa nyeupe, boriti za mikoko, kitanda cha kamba, mkeka wa miyaa. Nawaelewa kabisa. Ila naona tunaanzia kwenye pambo, na pambo ndilo linalomdhuru mtoto. Ukianzia kwenye sababu iliyofanya nyumba ile ijengwe vile, chumba kinatulia na mtoto anapata pa kuchezea.

## Nyumba isiyo na chumba cha mtoto

Pita kwenye nyumba yoyote ya mawe ya Lamu iliyosalia na mpangilio wake wa asili. Unatoka kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, unaingia tekani, kijia cha ndani ya mlango, unafika kiwandani, yaani ua wa ndani palipo wazi juu, kisha vinakuja vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana: msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), na nyuma yake chumba kiitwacho ndani. Kadiri unavyosogea ndivyo sitara inavyozidi, na ndivyo mapambo ya ukutani yanavyoongezeka. Zidaka nyingi kuliko zote ziko ndani, zikiwa zimebeba sahani na bakuli zilizotoka ng'ambo.

Chumba cha mtoto hakimo.

Watoto walilala walipolala mama na bibi zao. Vitanda vilikaa kwenye ncha za msana, vikasitiriwa kwa pazia, na mchana wote watoto walikuwa kiwandani penye mwanga na upepo. Kwa hiyo anayesema anatengeneza chumba cha mtoto cha kale ajue hana cha kunakili. Anachotengeneza ni kitu kipya chenye adabu ya zamani. Mwanzoni hilo lilinitia wasiwasi, kama kwamba kazi nzima ni ya kujidanganya. Sasa naona linatupa uhuru: hatulazimiki kuhamisha ukuta wa ndani, uliokuwa wa watu wazima na vyombo vyao, kuupeleka kwa mtu anayeonja kila kitu kwa mdomo.

Cha kuchukua kwanza ni vipimo. Upana wa vyumba vile ulitokana na urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa, yaani mita 2.5 hadi 2.8 hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Kama chumba chako ni cha mita 3 kwa 4, kata mita 1.2 za ncha moja kwa pazia zito linaloning'inia toka ukuta hadi ukuta, weka kitanda nyuma yake, na ile mita 2.8 iliyobaki iwe tupu. Bila kidaka hata kimoja, tayari chumba kimeanza kuzungumza Kiamu, lahaja ya Lamu. Na mtoto amepata uwanja.

Jambo la pili ni kuchagua zama. Kitanda kirefu cha samadari na vioo vya rangi juu ya madirisha vinatukumbusha zaidi Unguja ya karne ya 19. Kanga nazo zilianza kuvaliwa nusu ya pili ya karne hiyo. Kuvichanganya na zidaka za Lamu si dhambi, lakini chumba kidogo hakistahimili makuu mawili. Mimi ningebaki na Lamu, kwa sababu uzuri wake uko ukutani, na ukuta hauanguki ukisukumwa.

## Chokaa, hasa ile mita moja ya chini

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Kuta za kale zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Unyevu uliingia ukatoka. Ukipata nyumba ya aina hiyo usiruhusu fundi apige lipu ya saruji juu yake. Saruji inafungia maji ndani ya jiwe, chumvi inasukuma kutoka nyuma, na baada ya misimu michache lipu inabanduka vipande vizima vizima. Kipande cha lipu kikidondoka kitandani kwa mtoto, hakuna atakayejali kilikuwa cha mtindo gani.

Lipu ya chokaa inataka kipimo kimoja cha chokaa iliyoloweshwa kwa vitatu vya mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa pwani usiguswe. Chumvi yake itatokeza ukutani kila masika. Chokaa ya mifuko iloweke angalau usiku kucha, na ikikaa wiki kadhaa chini ya maji inalainika zaidi na kushika vizuri zaidi. Ukuta uloweshwe kwanza. Tabaka la kwanza lisizidi milimita 10, la pili lipungue, la mwisho liwe milimita 2 au 3 tu la mchanga laini. Kati ya tabaka na tabaka acha siku kadhaa, na kama jua ni kali au upepo wa kaskazi unavuma, ning'iniza magunia mabichi mbele ya ukuta. Chokaa haikauki tu, inakomaa kwa kuvuta hewa. Ikikaushwa haraka inabaki unga.

Wengi wana ukuta wa tofali za saruji, tayari una lipu. Hapo usipige lipu nyingine, paka chokaa tu. Kama ukuta haujawahi kupakwa rangi, chokaa itashika. Kama una rangi ya maji ya plastiki, haitashika: itapasuka na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Rangi hiyo ikwanguliwe yote, au uache chokaa utafute rangi nyeupe isiyong'aa.

Chokaa ya kupaka iwe nyepesi kama maziwa. Ichuje kwa kitambaa, lowesha ukuta, paka kwa brashi pana. Mkono wa kwanza utadhani hujapaka kitu, kwa sababu ikiwa mbichi huoni karibu chochote. Weupe unakuja kesho yake. Inahitaji mikono minne au mitano, siku moja kati ya kila mkono. Fundi mwenye haraka ataifanya nzito apake mara mbili. Huyo ndiye anayewaachia watu ukuta unaochafua mabega.

Lipime hilo kabla mtoto hajahamia. Chukua kitambaa cheusi kikavu, kipitishe ukutani kwa nguvu ya kiganja. Kikitoka na vumbi jepesi, si neno. Kikitoka cheupe, ukuta huo utaishia kwenye nywele na mdomo wa mtoto.

Kwa hiyo nashauri mita moja ya chini itendewe tofauti. Kama unapiga lipu mpya ya chokaa, isugue kwa mwiko wa chuma hadi ing'ae, kisha, ingali mbichi kidogo, isugue tena kwa sabuni ya mafuta ya zeituni iliyoyeyushwa kwenye maji. Sabuni inaungana na chokaa na kufanya ngozi ngumu isiyopenda maji; kalamu za rangi na mikono ya uji vinafutika. Kama ni ukuta wa saruji, paka sehemu hiyo rangi ya kuoshwa yenye weupe uleule, kisha chora mstari mwembamba wa udongo mwekundu pale inapokutana na chokaa. Ukitaka kutia rangi ndani ya chokaa yenyewe, tumia unga wa madini ya udongo, usizidi sehemu 5 kwa 100 za uzito wa chokaa. Ukizidisha, haishiki.

Na jambo lisilo na mjadala: chokaa mbichi inachoma. Fundi avae glavu na miwani, na mtoto asiingie hadi ukuta ukauke kabisa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

## Kidaka kianzie wapi?

Swali hili ndilo lililonikosesha usingizi. Ukuta wa tofali za sentimita 15 hauchimbiki, ukiuchimba unauua. Zidaka lazima zijengwe mbele yake, kwenye ukuta wa bandia. Na kila kilichojengwa mbele ya ukuta kinaweza kuvutwa kikaanguka.

Mtoto wa miaka mitatu ana urefu wa sentimita 95 hivi, na mkono wake ukinyooshwa unafika kama 115. Ukingo wa safu ya kwanza uwe sentimita 130 toka sakafuni. Hapo hana pa kushika. Chini yake acha ukuta mtupu, laini, usio na ukanda wala nakshi iliyojitokeza.

Lakini mtoto naye anastahili kidaka chake, tena anachokifikia. Jibu lililonituliza ni hili: chini kabisa weka zidaka kubwa zinazoanzia sakafuni, upana sentimita 56, urefu 50, zisiwe na kizingiti cha kukanyagia. Kapu la vitu vyake linaingia humo na kutoka. Katikati ya zile za chini na safu ya juu panabaki sentimita 80 za ukuta mtupu, na ngazi imekatika.

Tuchukue ukuta wa bandia wenye upana wa mita 2.38. Unabeba zidaka sita kwa safu, kila kimoja sentimita 28, na nguzo za sentimita 10 katikati yake na pembeni. Urefu wa kidaka uwe 36, na kati ya safu na safu 8. Safu tatu zinafika mita 2.54 toka sakafuni, jumla zidaka 18. Kama dari ni fupi, punguza safu, usizishushe. Kina cha sentimita 12 hadi 15 kinatosha. Kikizidi hapo unakula uwanja wa mtoto, na kikiwa 8 kinaonekana kimechorwa tu.

Fremu iwe ya mbao za 5 kwa 5 zilizotiwa dawa ya mchwa na kuachwa zikauke vizuri nje ya chumba, nguzo za mbao zikipishana kwa sentimita 38, katikati hadi katikati, ili ziangukie kati ya zidaka. Uso uwe wa jipsamu au plaiwudi inayostahimili maji. Mbao za unga wa mbao zilizoshindiliwa zisitumike pwani, zinavimba. Ifunge fremu kwenye tofali kwa bolti za kupanuka, unene milimita 8, moja kila sentimita 60, juu, katikati na chini. Kisha mtu mzima aning'inie. Ndiyo, aning'inie kweli kwa mikono miwili kwenye safu ya kwanza. Ikilia, haijafungwa.

Kingo za zidaka ziviringishwe kwa lipu, zisibaki na ncha. Nyuma ya ukuta wa bandia acha nafasi ya sentimita 2 ya hewa, na matundu juu na chini, la sivyo ukuta wa nje ukipigwa na mvua ya kusi utaota ukungu humo ndani na hutauona mpaka harufu ikuambie. Matundu hayo yawekewe wavu mdogo. Bila wavu, mijusi na nyigu wa udongo watahamia kabla ya mtoto.

Kwenye safu za juu usiweke kaure, hasa upande wa kitanda. Vikapu vidogo vya ukindu, vifuu vilivyosuguliwa, mashua ya mbao, vitabu. Ukitaka mwanga, tumia ukanda wa taa wa volti 12, na kibadilisha umeme chake kikae nje ya ukuta ule.

## Boriti juu ya kichwa

Boriti halisi ya mkoko yenye kipenyo cha sentimita 12 na urefu wa mita 2.7 ina uzito unaokaribia kilo 30. Ilipokuwa inabeba dari, ncha zake zilizama ukutani. Leo watu wanaining'iniza chini ya zege kwa skrubu nne.

Juu ya mtoto aliyelala.

Nasema wazi: isifanywe hivyo. Kama dari yako ni ya zege, chukua pau nyembamba za sentimita 5, ambazo kila moja haizidi kilo 5 au 6, uzilaze juu ya mbao mbili zilizofungwa kwa bolti kwenye kuta zinazotazamana. Uzito ukae juu ya kitu, usining'inie. Gome liondolewe lote, maana dumuzi hujificha chini yake, na miti ikae kivulini hadi ikauke kabla ya kupandishwa. Ukiona unga laini sakafuni asubuhi, tayari wameingia. Na mikoko haikatwi ovyo; nunua kwa mwenye kibali, au tafuta miti iliyotoka kwenye nyumba iliyobomolewa. Hiyo ya zamani ndiyo nzuri zaidi, imekwisha kukauka na kujipinda ilivyotaka.

## Kitanda cha kuwamba

Vitanda vya kifahari vya pwani vilikuwa virefu, watu wengine wakapandia kigoda. Kwa mtoto hilo liachwe. Anachokihitaji ni kitanda cha kamba kifupi: matendegu (miguu) ya kukerezwa, mifumbati (mbao za ubavuni) miwili, vitakizo (mbao za kichwani na miguuni) viwili, basi.

Urefu wa sentimita 160 kwa 80 utamtosha hadi afike darasa la pili au la tatu. Juu ya godoro pasizidi sentimita 35 toka sakafuni. Ndimi za mifumbati ziingie kwenye matundu ya matendegu bila kulegea. Kitanda cha kamba kinajishika kwa mvuto wa kamba yenyewe, na ulimi uliolegea unapasua tendegu. Kwa kuwamba, yaani kusuka kamba kwenye fremu, kwa nafasi ya sentimita 4 andaa mita 80 hadi 90 za kamba. Kamba ya makumbi ni imara lakini inakwaruza. Ya ukindu ni laini na inalegea mapema. Vyovyote utakavyochagua, ikaze tena baada ya wiki ya kwanza, kisha kila inapobonyea. Hilo halina ujanja, wazee walifanya hivyohivyo.

Sasa shaka yangu kubwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe juu ya kamba kamwe. Anahitaji kitanda chake chenye godoro gumu, tambarare, bila mto wala shuka zilizolundikana, kwa sababu panapobonyea pua yake inaweza kuzibwa. Hata kwa wa miaka miwili ningesubiri. Kuanzia mitatu, kamba iliyokazwa vizuri na godoro gumu la sentimita 10 linalojaza fremu yote, pasibaki upenyo wa zaidi ya vidole viwili. Kitanda kiguse ukuta kabisa au kikae mbali nao. Ule mwanya wa katikati ndio unaomnasa mtoto. Ukipenda umbo lake lakini humwamini mwambaji, weka vibao vilivyopishana kwa sentimita 6 ndani ya fremu, kamba ibaki pembeni. Hujamdanganya mtu.

Kunguni wanapenda viungo vya kitanda hiki kuliko kingine chochote. Kitolewe juani mara kwa mara, viungo vimwagiwe maji ya moto, na kisiwe kizito kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kukitoa.

Chandarua kiwe cha mstatili, kifungwe darini kwenye pembe nne, kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kamba zake ziwe fupi. Chandarua cha mduara kinachoshuka kwa kamba moja ndefu kinapendeza kwenye picha, lakini kamba hiyo mtoto ataivuta na kujizungusha nayo.

## Mlango, mkeka na ndoo iliyobaki

Mlango wa kuchonga wa mabawa mawili na mfaa wake, ule mti wa katikati, ni mzito mno kwa vidole vidogo, na kizingiti kirefu kinamkwaza anayejifunza kutembea. Nakshi ipeleke kwenye kizingiti cha juu tu. Ukinunua mbao kuukuu zenye rangi, chukulia kwamba rangi hiyo ina madini ya risasi hadi ipimwe. Usiipige msasa mkavu chumbani. Kwa rangi mpya, soma kopo: kiwango cha risasi kisizidi sehemu 90 kwa milioni.

Mkeka wa miyaa juu ya sakafu iliyosuguliwa unateleza. Weka wavu wa mpira chini yake. Kagua mishono inayounganisha kili, zile kanda za miyaa zilizosukwa, maana ukili mmoja ukifumuka mguu unanasa. Mikeka ya rangi uipime kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Ikiacha rangi kwenye kitambaa, itaacha kwenye shavu la mtoto aliyelala juu yake mchana. Ukimwagikiwa na mkojo usiukunje: ufute, uutoe juani, uugeuze.

Ukuta uliopakwa chokaa utataka mkono mwingine kila mwaka au miaka miwili, kipindi cha ukavu kabla ya masika. Chokaa iliyobaki inahifadhika miaka mingi ikiwa chini ya maji kwenye ndoo yenye mfuniko. Ikae stoo inayofungwa kwa ufunguo, na iandikwe jina lake kwa herufi kubwa, kwa sababu inafanana na mtindi.